Mwanamichezo, umekula nini leo?

Hebu vuta picha hii. Ni saa 10 na nusu jioni, uwanja wa shule, hapa Karatu. Vumbi jekundu linapaa, upepo wa baridi unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Mwalimu wa michezo anapuliza filimbi na mnaondoka, mita 1,500. Mzunguko wa kwanza uko mbele. Wa pili bado umo. Wa tatu miguu inakuwa mizito kama imefungwa mawe, macho yanaona nyota, unakaa chini. Wenzako wanacheka, "Mvivu huyo!" Wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba huna kipaji.

Subiri kwanza. Kabla hujarudisha jezi, jibu swali moja tu: mara ya mwisho ulikula saa ngapi, na ulikula nini?

Kila siku unaona magari ya watalii yakipita kuelekea lango la Lodoare. Yawe mapya kiasi gani, hayapandi ule mlima kwa honi. Yanapanda kwa mafuta. Na wewe ni hivyo hivyo. Habari njema ni kwamba mafuta yako hayauzwi kwenye makopo ya bei mbaya. Mengi yamo kwenye bwalo la shule, jikoni kwa mama na kwenye mnada wa Karatu. Kinachowaangusha wengi wetu ni kiasi wanachokula na saa wanayokula.

KIPAJI KIPO, USITAFUTE KISINGIZIO

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 toka mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1975 akaweka rekodi ya dunia ya maili moja. Mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Tuje karibu zaidi. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo. Kilomita 42 na ushee, halafu tofauti yake na mtu wa pili ilikuwa sekunde 0.03! Hata kope hujapepesa. Kwenye mchezo unaoamuliwa kwa kiasi hicho, kweli unaweza kusema kula ni jambo dogo?

MWILI WAKO UNATAKA NINI?

Mwili wa mwanafunzi mwanamichezo una kazi tatu kwa mpigo: unakua, unasoma, unacheza. Mwenzako asiyecheza ana kazi mbili tu. Kwa hiyo ukila sawasawa na yeye, kazi moja itakosa posho. Mara nyingi mwili hupunguza kukua au kusoma. Ndiyo maana unalala kwenye kipindi cha hesabu.

Vyakula vya wanga ndivyo mafuta ya kukimbilia: ugali, wali, makande, viazi, ndizi, uji, mkate. Protini hujenga na kukarabati misuli: maharage, ngwara, mbaazi, kunde, karanga, maziwa, mayai, dagaa, nyama. Mboga na matunda huleta vitamini na madini yanayoendesha mitambo yote. Mafuta ya kula, kama ya alizeti zetu, hutoa nguvu nyingi kwa kiasi kidogo. Na chumvi ya jikoni iwe ile yenye madini joto.

HESABU YA SAHANI YA SHULE

Utasikia watu wakisema, "Ugali maharage kila siku, utakimbiaje?" Tusibishane, tupige hesabu.

Chukua mwanafunzi wa kilo 50 anayefanya mazoezi karibu kila siku. Kwa siku anahitaji kati ya gramu 60 na 80 za protini, na kati ya gramu 250 na 350 za wanga.

Sasa tupike. Kilo moja ya unga wa dona, ugali wa watu watano. Kila mmoja anapata ugali wa gramu 200 za unga. Ukila hivyo mchana na jioni umepata karibu gramu 290 za wanga na gramu 32 za protini. Ongeza kikombe kimoja cha robo lita cha maharage yaliyoiva kila mlo. Kikombe kimoja kina gramu 15 hivi za protini, viwili ni 30. Jumla 62. Tafuna na kiganja kimoja cha karanga, gramu 7 nyingine. Umefika 69, na hujagusa nyama!

Tena mahindi na maharage ni washirika wazuri. Kinachopungua kwenye protini ya mahindi kimo kwenye maharage, na kinachopungua kwenye maharage kimo kwenye mahindi. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma kemia, lakini hawakukosea.

Ila soma vizuri: nimesema kikombe cha MAHARAGE. Sikusema kikombe cha mchuzi. Kama kwenye bakuli lako maharage yanahesabika, na unahitaji kuvua shati uzamie kuyatafuta, basi hesabu yetu imeharibika. Hapo ndipo karanga, dagaa, yai au maziwa vinatakiwa kuziba pengo.

Na kama kuna uchaguzi kati ya dona na sembe, chukua dona. Sembe ni nyeupe na nzuri kwa macho, lakini mashine imeondoa sehemu kubwa ya madini na vitamini pamoja na pumba.

Angalizo: mahindi au karanga zenye ukungu usile, hata ukizikaanga. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara kwa sumu hiyo.

ADUI MKUBWA NI SAA

Angalia ratiba ya shule nyingi za bweni. Mchakamchaka saa 12 asubuhi. Uji saa 4. Ugali saa 8 mchana. Mazoezi saa 10 jioni. Chakula cha jioni saa 12. Prepo mpaka saa 4 usiku. Kulala.

Umeona tatizo? Kutoka chakula cha saa 12 jioni mpaka uji wa saa 4 asubuhi ni masaa 16! Katikati hapo umesoma prepo, umelala, umekimbia mchakamchaka, umefagia, na umekaa vipindi kadhaa. Halafu mchana, kwa njaa uliyo nayo, unashindilia mlima wa ugali, na masaa mawili baadaye unaitwa uwanjani. Tumbo limejaa, kichomi kinabana, unatapika. Unalaumu ugali bure.

Kanuni ni rahisi. Mlo mkubwa uwe masaa matatu hivi kabla ya mazoezi makali. Kitu kidogo kinaweza kuliwa saa moja kabla. Na baada ya mazoezi, usikae zaidi ya saa moja hujala, maana wakati huo misuli inapokea chakula kwa fujo. Sasa tuiingize kwenye ratiba ile ile:

Saa 11 na nusu alfajiri: nusu ndizi mbivu, kipande cha kiazi kitamu au kikombe kidogo cha uji. Kiasi cha kuuambia mwili "tumeamka". Maji kikombe kimoja.

Saa 4 asubuhi: uji vikombe viwili kama unapatikana. Uji wa ulezi au wa dona ni bora. Ukiwa na karanga zilizosagwa au maziwa, tia. Huu ndio mlo wa kuongeza nguvu, usiudharau kwa kukimbilia maandazi matupu.

Saa 8 mchana: ugali wa wastani, maharage ya kutosha, mboga. Siku ya mazoezi makali usijaze mpaka shingoni.

Saa 9 na nusu: ukisikia njaa, ndizi moja. Maji.

Saa 12 jioni: hapa sasa kula! Ugali au makande, maharage, mboga, tunda. Umetoka mazoezini, mwili unangoja.

Saa 4 usiku, baada ya prepo: kiganja cha karanga, kiazi cha kuchemsha au kikombe cha maziwa. Usiku huu ndio unaovunja yale masaa 16.

UNASOMA KUTWA? UNATOKA NGORONGORO?

Kwa wewe wa kutwa, mwenye kutembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi: kumbuka hata kutembea kunakula mafuta. Usitoke nyumbani na chai ya rangi tupu. Kiporo cha makande au viazi vya jana, vikipashwa moto mpaka vifuke mvuke, vinashinda mkate mkavu. Beba karanga au viazi kwenye mfuko safi. Ukipewa hela ya kutumia, linganisha: soda moja ni maji na sukari, kwa hela hiyo siku ya mnada unaweza kupata ndizi kadhaa na parachichi.

Kwa wewe unayetoka kwenye boma huko Ngorongoro, una hazina nyumbani: maziwa. Kikombe cha robo lita kina gramu 8 hivi za protini, pamoja na kalsiamu ya mifupa. Loshoro, yaani mahindi na maziwa mgando, ni mlo bora kabisa baada ya mazoezi: wanga na protini kwenye bakuli moja. Mambo mawili tu. Maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, maana mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Na kiangazi maziwa yakipungua, usibaki na uji mtupu. Ongeza maharage au ngwara, na tafuta mboga, maana hizo ndizo zinazokosekana zaidi kwenye mlo wa maziwa na unga.

DAMU: WASICHANA SIKIENI, WAVULANA MSITOKE

Karatu mjini tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni kama mita 2,300. Huku juu kila pumzi ina oksijeni pungufu, kwa hiyo mwili hutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi. Hiyo ni faida kwa mkimbiaji. Lakini chembe hizo hutengenezwa kwa madini chuma. Chuma kisipokuwepo, faida inayeyuka.

Msichana wa umri wa sekondari anahitaji chuma zaidi kuliko mvulana, kwa sababu kila mwezi anapoteza damu: miligramu 15 kwa siku, mvulana 11. Dalili za upungufu wa damu ni kuchoka upesi, kuhema sana kwenye mwendo uliouzoea, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, viganja na ndani ya kope kupauka. Ukiziona, usiongeze mazoezi. Nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu. Ikiwa chini ya 12 kwa msichana, au chini ya 13 kwa mvulana wa miaka 15 na zaidi, kuna kazi ya kufanya, na mhudumu atakueleza dawa. Anaweza pia kupima malaria na minyoo, wezi wakubwa wa damu.

Chuma kimo kwenye nyama, maini na dagaa, na pia kwenye maharage, mnavu, mchicha na majani ya kunde. Kile cha mimea ni kigumu kufyonzwa, lakini kuna ujanja: kula pamoja na kitu chenye vitamini C kama chungwa, pera, ndimu au nyanya. Na chai? Chai huzuia chuma. Ngoja saa moja baada ya chakula ndipo unywe.

Sasa dada, hili tuzungumze waziwazi. Ukiwa unafanya mazoezi mengi huku unakula kidogo, kwa kukosa au kwa kutaka kuwa mwembamba, siku zako zinaweza kukatika. Wengine hufurahi, "Afadhali, nimepumzika." Usifurahi! Mwili umezima baadhi ya mitambo kwa kukosa mafuta. Mifupa nayo inadhoofika, na ujana ndio wakati wa kuijenga. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kuonya juu ya hali hii, na ikasema wavulana nao inawapata, ingawa wao hawana dalili ya kukatika siku. Zikipita miezi mitatu bila kuona siku zako, nenda kituo cha afya. Zipo sababu nyingine pia, mimba ikiwemo. Kama kuna uwezekano huo, usingoje hata mwezi wa pili. Mweleze matroni au mtu mzima unayemwamini.

MAJI

Huku kwetu baridi inadanganya. Hutoki jasho jingi, husikii kiu, lakini hewa kavu inakukausha kwa kila pumzi. Kipimo unacho mwenyewe: angalia mkojo. Ukifanana na maji ya ndimu, uko sawa. Ukifanana na chai ya rangi, kunywa maji.

Mazoezi ya chini ya saa moja yanahitaji maji safi tu. Mazoezi marefu, au siku ya mechi nyingi, changanya mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kufuta, na chumvi usizidishe. Kunywa kidogo kidogo. Kubugia lita nyingi kwa mkupuo nako ni hatari.

SIKU YA MASHINDANO

Wengi huharibu hapa. Mwaka 2021, kwa mfano, UMISSETA ilifanyika Mtwara, pwani, joto na unyevu. Aliyezoea baridi ya Karatu akifika kule anatoka jasho ambalo hajawahi kuliona. Ukisafiri, anza kunywa maji zaidi tangu safarini. Usijaribu chakula kigeni siku ya kucheza, hata kikinukia vipi. Kula ulichozoea, masaa matatu kabla: wali au ugali, maharage kidogo, mafuta kidogo. Kati ya mechi na mechi, ndizi na maji. Ngono ya medali na chipsi za mafuta mengi haifungwi siku moja. Chipsi ngoja mpaka kombe liwe ndani ya basi.

UONGO WA VIJIWENI

"Lamba glukosi utapaa." Glukosi ni sukari tu. Inasaidia kidogo kwenye mbio ndefu. Haizibi pengo la siku nzima bila kula.

"Meza mayai mabichi uwe na misuli." Mwili hufyonza vizuri zaidi yai lililopikwa, na bichi linaweza kukuachia vijidudu vya kuharisha siku ya fainali.

"Kinywaji cha kuongeza nguvu ndiyo mpango." Ni sukari na kafeini. Moyo unaenda mbio, usiku hulali, kesho huna nguvu.

"Kuna vidonge, vinauzwa kimya kimya." Achana navyo kabisa. Dawa za kusisimua misuli huharibu ini na moyo, hudumaza kijana anayekua, na zimewafungia wakimbiaji wengi maisha ya michezo.

ZUNGUMZA, USINUNG'UNIKE

Ratiba huwezi kuibadilisha peke yako. Lakini nahodha na wenzake wawili wanaweza kwenda kwa mwalimu wa michezo wakiwa na hoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, karibuni. Kuna nini?"

"Mwalimu, tuna ombi. Wanaoingia timu tunaomba uji wetu wa asubuhi upatikane mapema, hata kikombe kimoja baada ya mchakamchaka. Tumepiga hesabu, kutoka jioni mpaka saa 4 ni masaa 16. Kuni za kupikia tutasaidia kupanga zamu."

Umeona? Heshima, hesabu, na mchango. Mwalimu anaweza asikubali yote, lakini ni vigumu kumfukuza mtu aliyekuja hivyo. Mnaweza pia kuomba bustani ya mchicha na mnavu karibu na bomba, au kuwaomba wazazi kwenye kikao waongeze debe la karanga kwenye michango ya mahindi na maharage.

Na kama nyumbani chakula chenyewe hakipo, si aibu, na si kosa lako. Mwambie mwalimu unayemwamini. Punguza makali ya mazoezi kwa siku ambazo hujala. Kukimbia na njaa si ushujaa. Mwili utalipa deni hilo kwa mifupa na damu yako.

Leo jioni, kabla ya prepo, chukua daftari. Andika ulichokula tangu asubuhi na saa ulizokula. Fanya hivyo siku saba. Tafuta pengo refu kuliko yote, kisha tafuta kitu kimoja tu cha kulijaza: ndizi, kiazi, kiganja cha karanga. Anza na hicho. Baada ya wiki tatu rudi kwenye ule mzunguko wa tatu, uone nani atakaa chini.

Kila la heri uwanjani!